Tulivyoiona Italia Tukiwa Tumelala

Wodi ya Mifupa, Wanaume,
Kigali, Rwanda.
Jumanne, 18 Februari 2025

Mpendwa dada yangu Mwantumu,

Shikamoo dada. Assalaam alaykum, wewe na wote walio chini ya paa lako. Naomba barua hii ikukute na afya, presha yako imetulia, na dawa unazimeza hata siku unazojisikia mzima. Mama hajambo? Magoti yake je, bado yanamsumbua akitaka kuinuka kutoka kwenye mkeka? Na shemeji Kigoda, ameshapatana na jirani yake juu ya mpaka wa shamba la michungwa, au bado wanasalimiana kwa kukohoa?

Mimi ni mzima, dada, ila si mzima wote. Hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Barua hii anakuletea Ochieng, dereva mwenzangu, yule wa Shirati. Mpe chai na mkate, umshukuru, kisha mwache ashike njia ya Tanga. Ni mtu mwema lakini ana mdomo, na ninayokuandikia nataka yakufikie wewe kwanza kabla hayajafika sokoni Muheza.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Nikisikia sauti yako nitashindwa kusema, dada. Halafu vitanda vya humu vimekaribiana kiasi kwamba mtu akimeza mate jirani anasikia. Kwenye karatasi angalau nalia bila kelele.

Ulikwisha kusikia kwamba nilibanwa mguu pale bandari kavu. Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Tulikuwa kwenye foleni ya kushusha saruji, mahali pana mteremko kama kila mahali huku. Nikashuka kukaza kamba za turubai, nikapita kati ya lori langu na la mbele. Lile la mbele likarudi nyuma, kidogo tu, taratibu, kama ng'ombe anayejikuna kwenye mti. Mguu wa kushoto ukawa katikati ya bampa mbili. Nilibaki nimesimama wima nikiutazama, siwezi kwenda mbele wala nyuma, mpaka walipomtafuta dereva wa lile lori, naye alikuwa amekwenda kunywa chai.

Tangu siku ile sijatoka kwenye kule kubanwa. Walibadilisha chuma tu.

Hapa waliniwekea misumari iliyopenya nyama mpaka mfupani, ikashikwa kwa nje na fito za chuma kama jukwaa la mafundi wa nyumba. Kulala chali, kula chali, kusali kwa kichwa na macho. Dirisha langu linaonyesha ukuta wa jengo jingine na kipande cha kilima chenye mabati. Kile kipande nimekijua mpaka najua nyumba ipi imefua na ipi imefiwa.

Kwa desturi ya huku mgonjwa hukaa na mtu wake hospitalini, wanamwita murwaza. Murwaza ndiye anayekuogesha, anayekuletea chakula, anayekufulia shuka. Mtu asiye na murwaza ni kama mzigo ulioachwa stendi. Siku za mwanzo nilikuwa mzigo huo. Nilikuwa nikisikia vifuniko vya masufuria ya wenzangu vikifunguliwa, nageukia ukutani nijifanye nimelala.

Mwenyezi Mungu hamtupi mja wake. Kitanda cha kulia kwangu yupo mzee anaitwa Gatera, mkazi wa Niboye, aliyevunjika nyonga alipoanguka kutoka kwenye ngazi akiziba tangi la maji. Amekulia kwetu, Karagwe, Kiswahili chake hakina kasoro. Mkewe, mama Mukabalisa, alipoona sina mtu, hakuniuliza kitu. Alichukua sahani ya pili, akagawa viazi, maharage na isombe, ambayo ni kisamvu chetu hiki hiki, akaniwekea kifuani. Nikamwambia, "Mama, utachoka." Akasema, "Maji ya kumwogesha huyu yanabaki. Nitayamwaga?" Tangu siku ile nina murwaza. Naomba umtaje katika dua zako.

Kitanda cha mlangoni alikuwepo kijana mmoja, Shema, dereva wa pikipiki za abiria. Amevunjika mkono na paja. Kiswahili chake ni cha Kigali, anakitupa ovyo lakini kinafika. Jina langu aliligeuza siku ya kwanza, akaniita Tanga, na wodi nzima ikafuata, hata manesi.

Sasa nikueleze juu ya Italia, maana ndiko tulikokuwa tukikaa.

Mzee Gatera ana binti, Kaliza, anayefanya kazi mji wa Padova, kaskazini mwa Italia. Anamlea bibi mmoja mzee wa huko, anaishi naye nyumba moja. Baba yake alipovunjika, Kaliza hakuweza kuja. Karatasi zake za ukaazi bado zinazunguka maofisini, na akitoka hatarudi. Basi alituma tableti kwa mtu aliyekuwa akija Kigali, akaijaza filamu. Zote ni za Italia. Alitaka baba yake aone alipo.

Zilikuwa nyingi, lakini tatu ndizo tulizozipenda, tukazirudia hadi tukajua mlango upi utafunguka na nani ataingia. Zinazungumzwa Kiitaliano, na maandishi ya Kiingereza chini. Mzee alikuwa akitusomea kwa Kiswahili, tableti ameiegemeza kwenye chupa ya chai juu ya kimeza, na Shema anapiga kelele kutoka mlangoni, "Muzee, rudisha nyuma kidogo, hapo sijaerewa!"

Shema alipenda ya harusi. Kijiji kiko milimani, theluji inaanguka, njia inafungwa, na waalikwa wote wananasa mle ndani na maharusi. Bwana harusi anagombana na shemeji zake, chakula kinakwisha, mpishi anawalisha supu ya vitunguu, na mama mkwe inabidi alale kitanda kimoja na bibi harusi. Shema alikuwa akicheka hadi analalamika paja linamuuma. "Huyu mama mukwe iko na roho mbaya! Angalia vile anavuta blanketi!" Nesi Phiona, ambaye amekulia Uganda na haogopi mtu, alikuwa akija kutugombeza kwa kelele, kisha anasimama na trei yake ya sindano mpaka blanketi liishe kuvutwa.

Ya kwangu mimi ni ya pwani ya kusini. Mji umejengwa ubavuni mwa mlima, nyumba zimepandana kama Kigali, chini kuna bahari. Mwanamume mmoja anabeba malimau kwa guta, kale kagari ka magurudumu matatu, na anampenda mjane mwenye tanuri la mikate. Kila asubuhi lazima apite kichochoro kimoja chembamba sana, na mjane anasimama mlangoni kutazama kama leo atakwama. Wenzangu waliangalia mapenzi. Mimi niliangalia kona. Nilikuwa nikimsahihisha yule bwana: punguza gia, acha breki, tazama tairi la nyuma. Mguu wangu ulikuwa ndani ya vyuma lakini nilihisi unakanyaga. Nusu saa ile nilikuwa barabarani, dada.

Ya mzee Gatera ilikuwa ya Venisi, ule mji uliojengwa majini. Fundi viti mmoja mzee anaishi chumba cha chini kabisa, na kila msimu wa baridi maji yanaingia. Watoto wake wamehamia nchi kavu, wanamwita, hataki. Mwaka wa kwanza anainua kitanda kwa matofali. Mwaka wa pili anaongeza matofali. Mwishoni maji yamempita magoti, naye amepanda juu ya kiti alichokitengeneza mwenyewe, anachemsha kahawa kwenye jiko aliloliweka juu ya kabati. Filamu inaishia hapo, kahawa inatokota.

Tuligombana sana juu ya mzee yule. Mimi nilisema anakufa bure. Maji hayana aibu, ahamie kwa wanawe, akatengeneze viti huko.

"Wewe Tanga hujapata kuhamishwa," mzee Gatera alinijibu. "Mimi nimekulia Karagwe nikiitwa mgeni. Nimerudi kwetu nikaitwa wa Tanzania. Mtu aliyeweza kusema hapa ni kwangu, sitoki, mimi namheshimu."

"Hata akizama?"

"Hata akizama. Kwake ni kwake."

Shema naye akasema, "Mimi ningeuza hiyo nyumba na maji yake," tukacheka, yakaisha.

Jumapili moja Kaliza alipiga simu ya video. Ndiyo siku yake ya mapumziko, lakini ya saa chache tu, na siku hiyo yule bibi alikuwa na mafua, hakuweza kutoka. Shema akapiga kelele, "Dada Kaliza, tuonyeshe Italia!" Kaliza akageuza simu. Tukaona jiko dogo, safi, lenye saa ya ukutani. Tukaona dirisha, mbao zake zimefungwa kwa sababu bibi anasikia baridi. Akafungua ubao mmoja kidogo. Nje kulikuwa na ukungu, magari yameegeshwa, na ukuta wa jengo jingine.

"Ndiyo hiyo?" Shema akauliza.

"Ndiyo hiyo," Kaliza akasema. "Mimi pia nyingine naiona kwenye filamu." Alicheka, lakini baba yake hakucheka. Kutoka chumba cha ndani bibi akaita, Kaliza akajibu kwa Kiitaliano, sauti ikabadilika kabisa, ikawa ya mtu mwingine, mtu anayeomba radhi. Simu ikakatwa.

Baada ya hapo ndipo mambo yangu yalipoharibika. Kidonda pale misumari ilipoingilia kilianza kutoa usaha. Wakasafisha, wakabadilisha dawa, wakasafisha tena. Homa ikawa inakuja na kuondoka. Kisha daktari wetu, mwanamke mpole asiye na haraka, alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda. Daktari akisimama usiogope, akikaa, ujue. Aliniambia uchafu umeingia ndani ya mfupa, dawa haziufikii, na mguu usipokatwa chini kidogo ya goti, uchafu huo utanichukua mzima. Aliongea Kifaransa na Kiingereza kidogo, mzee Gatera akawa ananitafsiria, sauti ile ile aliyokuwa akitusomea filamu. Nilitamani nimwambie arudishe nyuma.

Nilikataa. Nilimwambia nitakwenda nayo kaburini yote miwili kama nilivyokuja nayo.

Dada, wewe ndiye uliyenishika mkono kunipeleka kwa marehemu mjomba nikafunzwe utingo, ndevu hazijaota. Unajua sina kazi nyingine mikononi. Mguu wa kushoto ndio wa klachi. Nilikuwa nalala nikiwaza nyumba yangu isiyoezekwa, nikimwaza mke wangu Zaina ananisogezea maji ya kunawa nilipokaa, kila siku, mpaka nife. Nikasema bora kufa nikiwa dereva.

Ijumaa alikuja Haji Mugenzi. Huyu ni fundi cherehani wa Biryogo, mtaa wa Waislamu wa siku nyingi, ambako Kiswahili kinasikika kila kona kama kwetu. Kila Ijumaa baada ya sala yeye na wenzake hupita hospitalini kuwatazama Waislamu wasio na ndugu, wanaleta uji na tende. Nilipomweleza alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Rajabu, mwili ni amana. Mwenye amana hajasema uutupe." Nikamwambia sitaki kiungo changu kitiwe kwenye ndoo na takataka za hospitali. Akasema, "Hilo niachie mimi." Hakunibembeleza zaidi. Alinisomea, akaenda zake.

Nami nikaendelea kukataa. Homa ikapanda. Phiona alikuja akasimama miguuni pangu, mikono kiunoni, akasema, "Tanga, wewe unataka kufa mbele yangu? Mimi nitakuwa zamu. Ni mimi nitakuandika." Nikageukia ukutani.

Mchana ule mzee Gatera aliwasha ile ya Venisi. Nadhani hakuwaza, alitaka tu kunichangamsha. Ilipofika pale fundi viti anapopanda juu ya kiti, nikasema, "Unaona mzee? Huyo ndiye mwanamume. Ulikuwa na haki wewe. Kwake ni kwake."

Mzee akazima tableti. Halafu akanigeukia, na kugeuka kwenyewe kwa nyonga ile kunamtoa jasho.

"Tanga," akasema, "yule nampenda kwa sababu ni filamu. Wakimaliza kupiga picha anavua suruali yenye maji, anapewa taulo, anakwenda kula na wenzake. Wewe ukimaliza utakwenda kula na nani?"

Nilimkasirikia, dada. Nilimkasirikia mzee wa watu ambaye mkewe ananiogesha. Sikuzungumza naye kutwa nzima, na chakula cha mama Mukabalisa sikukigusa.

Lakini si maneno hayo yaliyonigeuza, nikuambie ukweli. Asubuhi yake niliamka nikamwona Shema amejifunika shuka mpaka juu ya pua. Nilidhani amelala. Kisha nikaona macho yake yako wazi, na alipokutana na yangu akashusha shuka haraka, akanichekea, akasema, "Baridi, Tanga." Hakukuwa na baridi. Mama Mukabalisa alipoingia alikuwa na maganda ya machungwa mkononi, akayapanga kwenye kimeza changu kama mtu anayepanga maua. Hapo ndipo nilipoisikia mwenyewe. Ile harufu nilikuwa nimeshaizoea, kumbe ni mimi.

Yule kijana mcheshi, asiyejua kuficha neno, alikuwa ananificha hilo. Sijui kwa muda gani.

Nikamwita Phiona. Nikamwambia, "Waambie waje." Hakuuliza waje kufanya nini. Aliondoka mbio, na viatu vyake vya mpira vilisikika korido nzima.

Wamekata, dada. Umeshasoma. Soma tena kama unataka, kisha endelea, maana mwenzio nimeshavuka pale.

Haji Mugenzi alitimiza ahadi. Alisubiri nje ya chumba cha upasuaji na kitambaa cheupe alichokikata na kukipinda mwenyewe dukani kwake. Wakamkabidhi mguu, akauzungushia kile kitambaa, wakaenda yeye na wenzake wawili makaburini, wakachimba, wakaufukia kwa adabu. Aliporudi mikono yake ilikuwa bado na udongo mwekundu kwenye kucha. Akaniuliza kama nataka kujua ulipo. Nikasema sitaki. Alipofika mlangoni nikamwita, nikamwambia aniambie. Uko karibu na ukuta wa juu, mahali pasipotuama maji. Kwa hiyo ujue, Mwantumu, hata nikirudi nyumbani, kuna sehemu yangu haitarudi. Rwanda wamenizika kidogo.

Nilidhani wakishautoa nitakuwa huru. Wapi. Vidole ambavyo havipo vinawasha. Kidole gumba kinauma kama kimebanwa na kiatu, nami sina pa kukunia. Daktari anasema hutokea, na huwachukua wengine muda mrefu. Namwambia Mola, umeuchukua mguu, ungechukua na maumivu yake.

Lori langu limeondoka. Ochieng ndiye aliyekuja kuniaga akiwa na dereva mpya aliyetumwa kulichukua. Kijana mwenyewe ana adabu, aliniita mzee, akaniomba nimweleze tabia za gari. Nikamweleza gia ya tatu inavyokataa asubuhi. Ochieng akasema siku hizi kuna malori yasiyo na klachi. Nikamjibu ni kweli. Wote watatu tulijua hakuna atakayemkabidhi lori la namna hiyo mtu wa mguu mmoja, lakini tulilizungumza sana, mpaka wakaondoka. Ochieng mwenyewe atapita kesho kuchukua barua hii.

Ile filamu ya malimau sijaweza kuitazama tena. Mzee alijaribu kuiwasha mara moja. Guta lilipoingia kichochoroni nikafumba macho, akaelewa, akaweka harusi.

Sasa nikupe jambo moja jema, usije ukadhani huku ni kilio tu. Jumapili iliyopita Kaliza alipata mtu wa kukaa na bibi mchana. Akapanda treni akaenda Venisi, safari fupi kutoka Padova, na katika muda wote aliokaa kule ilikuwa mara yake ya kwanza. Akatupigia akiwa darajani. Tukaona maji ya kijani, tukaona mashua, watu wengi mno wakipigana picha. Akasema, "Baba, nimekuja kuutafuta mlango wa yule fundi viti. Nielekezeni."

Dada, ungetuona! Watu watatu tuliolazwa Kigali, hatujafika hata uwanja wa ndege, tunamwelekeza mtu njia Venisi. "Pita daraja lenye simba wa jiwe!" mzee anasema. "Simba nimemwona!" "Sasa kata kushoto kwenye kisima." Mimi nikasema si kushoto, ni kulia, maana yule fundi akirudi sokoni jua linampiga usoni. Shema anasema, "Dada, fuata ile ukuta iko na rangi ya nyanya!" Phiona amesimama katikati, amesahau sindano zake. Kaliza anakimbia, simu inatikisika, anahema, anacheka kwa sauti yake mwenyewe.

Akakata kulia. Akakuta kichochoro. Mwisho wa kichochoro kulikuwa na ngazi zinazoingia majini, basi. Hakuna mlango, hakuna njia. Akarudi, akajaribu kushoto, akatokea ngazi zile zile za maji kwa upande mwingine. Ndipo mzee alipofahamu. Wale watu wa filamu walikuwa wameunganisha mitaa iliyo mbali mbali, kona ya hapa na mlango wa kule. Njia tuliyoijua kwa moyo haikuwepo.

Mzee akasema, "Mwanangu, tumekupoteza."

Kaliza akatazama saa. Ilikuwa imebaki kidogo awahi treni. Akakaa kwenye ngazi, akatoa mkate kwenye mkoba, akaegemeza simu ukutani ili tuone maji. "Baba, hapa panatosha," akasema. Akala. Sisi tukamtazama akila. Baba yake aliinyoosha mikono akaishika ile tableti pande zote mbili, kama mtu anayeshika uso wa mtoto, mpaka Kaliza akasimama, akakung'uta makombo, akasema kwaheri.

Shema ameruhusiwa jana, amekwenda kwao kwa magongo. Mzee Gatera naye wanasema ni siku chache. Mama Mukabalisa ameapa ataendelea kuniletea sahani kutoka Niboye, lakini Niboye si hapo, na yeye si kijana. Mimi nitabaki. Kidonda lazima kikauke, kisha nipimwe mguu wa bandia, kisha nifunzwe kuutumia. Nikiuliza lini, wananijibu "buhoro buhoro", yaani polepole. Ramadhani inakaribia, na itanikuta hapa hapa, natazama kilima changu cha mabati.

Sasa ninalokuomba, na ndilo hasa lililofanya niandike. Zaina hajui. Kila nikimpigia ananiuliza mguu unaendeleaje, nami ulimi unakuwa mzito, namwuliza habari za kuku. Nenda kwake wewe, dada, siku hiyo hiyo Ochieng atakapokupa barua hii. Usimtume mtu. Usimwambie akiwa amesimama wala akiwa jikoni. Mkalishe kwanza, ukae naye mkeka mmoja, ndipo useme. Akilia mwache alie. Akinyamaza, nyamaza naye, usimpe haraka maneno ya kumfariji. Mimi nimepewa mengi humu na najua yanavyochosha. Akisema anapanda basi aje, usimzuie, na usimwambie njia ni ndefu. Na akikuuliza nitarudi lini, mwambie sijui. Mwambie nimesema mwenyewe kwamba sijui, ila kila gari likinguruma nje ya hospitali nageuka kutazama mlango.

Nisalimie mama, umbusu mkono kwa niaba yangu, na yeye umwambie baada ya Zaina. Nisalimie shemeji Kigoda na shangazi Mwanamvua, na watoto wote kwa majina yao. Mola awafunike kwa rehema zake, awafikishe Ramadhani mkiwa salama, na atukutanishe tungali tunatambuana.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, leo kuliko jana,

Rajabu Semhando